Picha Kubwa katika Chumba Kidogo

Mtu aonapo picha kubwa imetundikwa ukutani huitazama sura iliyomo, asijiulize ukubwa ule umetoka wapi. Nasi siku hizi tumezoea kukuza picha kwa kutanua vidole viwili juu ya kioo cha simu, hata tumesahau kwamba ukubwa wa picha ulipatikana kwa taabu na werevu wa watu wengi. Katika insha hii nataka kueleza jinsi picha kubwa ilivyoacha kuwa mali ya wenye vyombo vikubwa, ikawa kazi iwezekanayo hata katika chumba kisichotosha kitanda.

Mwaka 1839 Louis Daguerre wa Ufaransa alitangaziwa ulimwengu kuwa amepata njia ya kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha ile ilikuwa moja tu, haikuweza kuzaa nyingine. Huko Uingereza William Henry Fox Talbot alishika njia tofauti, na mwaka 1841 akaipatia hataza. Yeye alipata kwanza negativu, yaani picha iliyopinduka, ambamo cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Negativu hiyo ililazwa juu ya karatasi yenye dawa, vikawekwa juani, na picha nyingi zikapatikana kwa negativu moja. Lakini kila picha ililingana na negativu yake kwa ukubwa. Aliyetaka picha kubwa alilazimika kuwa na negativu kubwa, na mwenye negativu kubwa hakuwa na budi kuwa na kamera kubwa.

Tazama jinsi sharti hilo lilivyowafikisha watu mbali. Mwaka 1900 kampuni moja ya reli nchini Marekani ilitaka picha ya garimoshi lake jipya. George Lawrence wa Chicago akatengeneza kamera iliyotumia bamba la kioo lenye urefu wa futi 8 na upana wa futi 4 na nusu. Pamoja na bamba lake kamera ile ilikuwa na uzito wa ratili 1,400, zaidi ya kilo 600, na watu 15 walihitajika kuiendesha. Picha zake zilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka ule ule. Kazi ile ilistahili sifa. Lakini je, ni nani mwingine angeiweza?

Hata hivyo, njia iliyo nyepesi zaidi ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1857 David Woodward, mchoraji wa mji wa Baltimore, alipata hataza ya chombo cha kukuzia picha kwa nuru ya jua. Kioo kililinasa jua, lenzi ikaikusanya nuru na kuipitisha katika negativu ndogo, na lenzi nyingine ikaitupa sura juu ya karatasi au kitambaa cha mchoraji, ikiwa kubwa kupita asili yake. Taabu yake ni kwamba jua halikai mahali pamoja, basi chombo kiligeuzwa geuzwa kulifuata. Wingu likitanda, kazi husimama.

Katika miaka ya mwisho ya karne ile zikapatikana karatasi zilizopakwa gelatini na bromidi ya fedha, nazo zilikuwa nyepesi sana kushika nuru, hata taa ikatosha. Hapo mkuzaji picha akaachana na jua, akafunga mlango. Mwaka 1925 ikatokea sokoni kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack wa Ujerumani. Negativu yake ilikuwa na milimita 24 kwa 36 tu, ambayo bila kukuzwa haimfai mtu sana. Basi ukubwa ukahama kutoka kwenye kamera, ukaingia katika chumba cha giza. Na kwa kuwa si wengi wenye nyumba pana, watu wakageuza jikoni, bafu na ghala kuwa vyumba vya giza.

Mimi nilijifunza mambo haya katika chuo cha ualimu nilikosomea. Chini ya ngazi palikuwa na ghala dogo, na ndani yake mashine ya zamani ya kukuzia picha. Mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa karibu kustaafu, aliifuta vumbi akatufundisha wanafunzi watatu. Mimi nilileta negativu ya babu yangu, ya sentimita 6 kwa 9, iliyopigwa kwa kamera ya sanduku katika miaka ya 1950. Picha yake nyumbani ilikuwa ya ukubwa huo huo, haikuzidi kiganja. Nikataka iwe ya sentimita 60 kwa 90.

Kwanza nguzo ya mashine haikutosha kwa urefu. Mwalimu akakigeuza kichwa cha mashine kipite ukingo wa meza na kumulika sakafuni, kisha akaelemeza matofali upande wa pili isianguke. Pili, nuru ilipungua. Picha ikiongezwa mara 10 kwa urefu na mara 10 kwa upana, eneo lake huwa mara 100, na nuru ile ile hugawanyika juu ya eneo lote hilo. Karatasi ndogo hutosheka kwa sekunde chache. Yetu ilitaka dakika kadhaa. Na katika dakika hizo mtu akipita ngazini juu yetu mashine hutikisika, na sura huvurugika. Karatasi mbili ziliharibika hivyo. Tukaamua kufanya kazi usiku, watu walipokwisha lala.

Tatu, hatukuwa na sinia la kutosha karatasi ile, wala mahali pa kuliweka. Tulichukua kipande cha mfereji wa plastiki wa kukingia maji ya mvua, tukaziba ncha zake, tukatia dawa ya kusafishia picha. Kisha, kwa taa nyekundu, tukaikunja na kuikunjua karatasi ndani yake, mkono huu ukitoa na huu ukipokea, bila kupumzika. Polepole babu akatokea.

Lakini si babu peke yake. Nyuma yake, katika kivuli cha mlango, alisimama mwanamke ambaye katika picha ndogo alikuwa doa tu. Nilipoipeleka picha nyumbani bibi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mama mkwe wangu." Hapakuwa na picha nyingine ya mama yule katika ukoo wetu wote. Alikuwa ndani ya negativu kwa miaka zaidi ya hamsini, nasi hatukumjua.

Jambo kama hili limetokea hata kwa watu mashuhuri. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Wateja wake aliwapa picha ndogo zilizolingana na negativu zake za sentimita 13 kwa 18. Katika miaka ya 1990 negativu hizo zikakuzwa nchini Ufaransa, na watu wa Bamako wakatundikwa katika majumba ya maonyesho, wakubwa kama wafalme.

Yafaa tukumbuke kwamba mashine ya kukuzia haiongezi kitu kisichokuwamo. Hudhihirisha uso, na hudhihirisha vumbi vile vile. Katika picha yetu alama za vumbi zilikuwa nyingi. Basi, msomaji, ukikuta nyumbani kwenu bahasha ya negativu kuukuu, usiitupe. Iinue kwenye nuru, na uwaulize wazee majina ya watu waliomo wangali wapo wa kukujibu.