Kakai Kilonzo na Benga ya Ukambani

Mji wa Piran, nchini Slovenia, una sanamu ya mpiga fidla Giuseppe Tartini iliyosimamishwa mwaka 1896. Zanzibar, mtaani Shangani, kuna makumbusho ya Freddie Mercury tangu 2019. Huku Ukambani, eneo la Wakamba nchini Kenya, mwanamuziki hukumbukwa zaidi kwa santuri zake.

Wa kutajwa kwanza ni Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987 akiwa bado kijana. Bendi yake, Kilimambogo Brothers, ilichukua jina la Kilima Mbogo, mlima unaoitwa pia Ol Donyo Sabuk. Aliimba Kikamba, na akaimba Kiswahili vilevile. Hapo ndipo benga ya Wakamba, muziki wao wa magitaa, ilipopata wasikilizaji Kenya nzima.

Ukipata santuri ya enzi hizo, isikilize pande zote mbili. Wimbo mmoja uligawanywa: upande wa kwanza kisa na mafunzo, upande wa pili magitaa. Maneno yanapungua, solo inapanda juu, besi inaijibu, na ngoma haipoi. Wachezaji walingoja upande huo, na kwa kweli ndio mtamu zaidi.

Kabla ya gitaa kulikuwa na kilumi, ngoma ya kina mama wazee, iliyopigwa pia kuomba mvua.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kuna santuri ya zamani ya Kikamba, usiitupe. Waulize wazee waliopiga ni nani, kisha andika majina yao kwenye jalada.