Kutoka Mwisenge Hadi Chuoni

Mwaka 1934 mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama alitiwa katika shule ya Mwisenge, Musoma; mwaka 1937 alikuwa Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi hata ikadhaniwa kuwa ndiyo kadiri ya kila mwanafunzi, ilhali bawabu wa kila daraja alikuwa mtihani wa karatasi, na wenye akili za namna nyingine aghalabu waliishia mlangoni.

Ni katika Musoma hiyo hiyo, Novemba 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi na kushuhudiwa na waliomwona akiifanya. Kanuni hii ya pili haikudumu: wanawake walisamehewa mapema, na katika miaka ya 1980 ikaachwa kabisa. Lakini fikra iliyokuwa nyuma yake, kwamba karatasi ya siku moja haitoshi kumpima binadamu, ilikuwa ya hekima, na kuanzia 1976 kazi za darasani nazo zikahesabiwa.

Hata hivyo, walikuwapo ambao azimio halikuwataja. Mtoto wa mvuvi wa Bunda, ajuaye kila wavu na tundu zake, akiulizwa kwa ulimi hujibu barabara. Akipewa karatasi, huzungusha penseli mpaka kengele ilie. Sheria ya 1978 ilimlazimisha mzazi ampeleke shule. Mwalimu, mbele ya darasa lililofurika, alimwita mzito au mvivu, basi. Madarasa ya wenye ulemavu wa akili yalipoanza katika miaka ya 1980, yalifundisha kujihudumia na kazi za mikono. Habari ya chuo haikuwamo.

Siku hizi Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na 10 katika masomo mengine. Ni haki njema, ila humfaa yule tu ambaye hitaji lake limetambuliwa. Kwa hiyo walimu wakuu wa Musoma, Bunda na Butiama wawapeleke watoto walio kama huyo wa mvuvi kupimwa mapema, waandike walichokiona, na maandishi hayo yamfuate mwanafunzi hadi chuoni.