Nishani na Daftari: Habari za Askari na Wapagazi wa Ugogo

Nishani ya fedha waliyopewa askari wa Mfalme baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 ina sura ya Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili ina mpanda farasi. Lakini mtu atakaye kujua habari za aliyeivaa hatazami sura wala farasi. Huigeuza ubavuni, maana ukingoni mwake zimechongwa herufi ndogo: namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Chuma hicho chaweza kukaa kibwetani miaka mia, na bado kikamtaja mwenyewe.

Nishani za vita vya 1939–1945 hazikuwa hivyo. Australia na Afrika ya Kusini waliwachongea askari wao majina, bali Serikali ya Uingereza ilizitoa ukingo ukiwa mtupu. Basi askari wa Kigogo aliyerudi kutoka Burma na nishani yake, kisha mchwa wakala cheti chake, amebakiwa na kipande cha madini kisichoweza kumshuhudia. Na yule ambaye karani alikosa kuiandika nishani katika daftari lake hana hata hicho kipande. Ndiyo sababu twataka kuzungumza nanyi, wasikilizaji wetu, juu ya daftari kuliko juu ya nishani zenyewe.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nishani ya ushujaa hutolewa kwa sababu afisa aliandika kwamba fulani alifanya tendo fulani siku fulani. Pasipo maneno ya afisa hakuna nishani. Nishani ya vita si hivyo. Hiyo ni haki ya kila mtu aliyetumika mahali palipotajwa kwa muda uliotajwa, awe hodari au mwoga, mpiga bunduki au mpishi. Mtu akidai ya kwanza anaomba kuhukumiwa upya. Akidai ya pili anaomba hesabu isahihishwe tu.

Mambo ya Ugogo yalianza kuharibika katika mwaka wa 1916. Jeshi la Jenerali van Deventer, wengi wao Makaburu waliopanda farasi, lilifika Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, mvua za masika zikalifungia huko pamoja na njaa na homa. Hata tarehe 29 Julai likaingia Dodoma na kuikamata reli ya kati waliyoijenga Wadachi. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo, magari yalizama matopeni, na kwa hiyo mzigo wote wa vita ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Wadachi walikuwa wamekwisha kuchukua watu, nafaka na ng'ombe. Waingereza nao wakachukua. Hivyo katika nyumba moja ndugu wawili waliweza kubebea majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana.

Hapo ndipo majina yalipoanza kupotea. Karani aliyewaandika wapagazi aghalabu hakuwa mwenyeji, wala hakujua Kigogo. Kigogo husema chi mahali Kiswahili kisemapo ki, na karani mzoefu wa lugha ya pwani alilinyosha jina la mtu kwa sikio lake mwenyewe. Mwingine aliulizwa jina akataja la utani, au jina la safari kama Juma au Hamisi, ambalo mama yake hakulijua. Akiulizwa jina la baba, mmoja alimtaja baba, na mwingine akamtaja babu au ukoo. Kisha akafa kwa kuhara au kwa homa ya mapafu mbali na kwao, na karani wa pili akaliandika jina lile mara nyingine kwa namna yake. Daftari ya kwanza na ya pili hazikukutana tena. Mishahara ya wafu wengi haikulipwa kwa sababu warithi hawakuonekana, na jinsi gani wangeonekana, ikiwa jina lililotafutwa halikuwa na mtu?

Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000. Wanahistoria wa siku hizi waona kwamba idadi ya kweli yaweza kukaribia 100,000. Kumbukumbu yao iliyo maarufu kuliko zote si jiwe, ni soko: Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa hivyo kwa ajili ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps.

Kwa watu wa Ugogo vita haikuishia kwenye mapatano ya Novemba 1918. Mvua zilikuwa zimekosa, ghala zilikuwa tupu, na vijana wa kulima walikuwa hawajarudi au hawatarudi kabisa. Njaa ile iliitwa Mtunya, nayo ilidumu toka 1917 hata 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika watu wapatao 150,000 wa nchi ile. Mtu apimaye thamani ya nishani isiyoandikwa na asahau Mtunya, amepima nusu tu ya deni.

Kwa upande wa Wadachi iko habari moja ambayo husimuliwa mara nyingi. Jenerali von Lettow-Vorbeck alifariki mwezi wa Machi 1964, na mwaka ule baraza la Ujerumani ya Magharibi likakubali kuwalipa askari wazee mishahara yao ya vita. Mlipaji akaja Mwanza, wazee wakakusanyika. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka wa 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu. Yasemekana mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kidachi afanye kwata ya bunduki, wala hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Habari hii hufurahisha. Lakini tuitazame vizuri: mzee aliyekuwa kiwete, au aliyekuwa amekwisha kufa na kuacha mjane, angeshikaje ufagio? Mwili ni shahidi mwema, ila hauachi nakala.

Katika vita vya pili Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Vikosi vya Keya vya nchi hii vilijulikana kwa tarakimu 6. Kikosi cha kwanza cha Sita kilipigana Uhabeshi katika mwaka wa 1941, kisha kikaenda Madagaska mwaka wa 1942. Vile vya 26 na 36 vilikwenda Seiloni kujifunza vita vya msituni, halafu wakaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11, wakashuka Bonde la Kabaw katika mvua za 1944.

Sasa tazameni jinsi nishani zilivyofuata njia hizo. Aliyepigana Uhabeshi alistahili Nyota ya Afrika. Aliyekwenda Madagaska peke yake hakuistahili, ingawa kisiwa ni cha Afrika, kwa kuwa hakikutajwa katika amri. Huko walihesabiwa Nyota ya 1939–45. Aliyefika Burma alistahili Nyota ya Burma. Na kila mmoja wao, hata aliyelinda ghala pasipo kuona adui, kwa kutumika siku 28 tu alistahili Nishani ya Vita. Kwa hiyo mstari mmoja ukikosekana daftarini, tuseme siku ya kupanda meli au siku ya kuhamishwa kutoka kikosi kimoja hata kingine, nyota nzima imepotea. Tena wengi waliachishwa kazi wakarudi kwao mwaka wa 1945 na 1946, wakati ambapo walikuwa wamepewa tepe za kushona kifuani, na nishani zenyewe zilikuwa bado kutolewa. Askari amekwisha kurudi kwenye mifugo yake Mpwapwa au Manyoni. Barua yamtafuta kambini.

Kwamba jeshi laweza kuchelewa kisha likatengeneza, twaona katika kikosi chetu hicho hicho cha Sita. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Colito katika Uhabeshi, sajenti Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alirukia juu ya kifaru cha Waitalia, akafungua kifuniko, akawapiga risasi waliomo. Akauawa siku ile ile alipokuwa akikishambulia kingine. Nishani yake, Msalaba wa Victoria, ambayo ni kubwa kupita zote, ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945. Ni miaka minne na nusu. Alikuwa na watu wa kumsemea. Askari waliovuka mto pamoja naye, na ambao daftari zao zilikosa mstari, ni nani aliyewasemea?

Njia ya kusahihisha ipo, ijapokuwa ni ndefu. Nishani za vita vya 1939–1945 ambazo hazikuchukuliwa huombwa kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na mwombaji ni askari mwenyewe au mrithi wake wa karibu. Neno la kwanza litafutwalo ni namba ya jeshi, si jina, kwa kuwa majina yalibadilika na namba haikubadilika. Kisha hufuata kikosi, tarehe za kuingia na kutoka, na ushahidi kwamba Chilewa wa cheti cha ubatizo na Kilewa wa daftari ni mtu mmoja. Cheti cha kuachishwa, picha yenye alama za kikosi, barua iliyopigwa muhuri wa posta ya jeshi, vyote husaidia. Hadithi tupu haisaidii sana, hata ikiwa kweli.

Kwa wapagazi wa 1916 nishani si shauri tena. Linalotafutwa ni majina. Mwezi wa Aprili 1921 ulikuwa bado mwaka wa majeraha. Mwezi wa Aprili 2021, miaka mia kamili baadaye, halmashauri inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Tangu hapo kazi ya kufungua daftari za zamani imeendelea, na katika Kenya zimeonekana daftari zilizotunzwa na jeshi la nchi ile, zenye majina ambayo hayakuwa yameandikwa kwenye kumbukumbu yo yote. Majina hayo husomwa moja moja, na kila moja huulizwa swali lile lile: huyu aliitwaje kwao?