Kikompyuta Badala ya Flashi: Kuweka Hati za Nyumba kwa Kufuli

Hapa Malindi, mtu akitaka nakala ya hati ya shamba, cheti cha ndoa cha kadhi au kitambulisho, huenda saiba. Hutoa flashi mfukoni, kijana wa saiba huichomeka, karatasi zatoka, wamalizana. Mwaka jana nilirudi nyumbani na flashi kama hiyo, kuifungua nikakuta kila folda imegeuka njia ya mkato. Virusi. Picha za hati ya kiwanja alichotuachia marehemu baba zilikuwa humo. (Kwa kawaida virusi vya aina hii huyaficha mafaili tu, havifuti, kwa hiyo usikimbilie kuiformati flashi yako.) Nilizipata zote, lakini swali lilinibakia: kompyuta ile ilikuwa imeandika ndani ya flashi yangu bila ruhusa. Je, ilikuwa imenakili nini?

Kuna kifaa kinachojibu sehemu kubwa ya swali hilo. Chaitwa Raspberry Pi Zero, kikompyuta kamili chenye upana wa vidole viwili hivi. Cha kwanza kilitoka 2015 kwa dola 5. Chenye Wi-Fi, Zero W, kikaja 2017 kwa dola 10, na Zero 2 W 2021 kwa dola 15. Hizo zilikuwa bei rasmi wakati vilipotoka. Mpaka kifike kwetu, ongeza usafiri na faida ya muuzaji.

Sifa yake ni kwamba kinaweza kujifanya flashi. Kina matundu mawili madogo ya USB: moja la umeme peke yake, jingine limeandikwa USB. Ukichomeka waya kwenye hilo la pili, kinapata umeme na kuzungumza na kompyuta kwa waya huo huo. Kwenye faili la config.txt unaongeza mstari wa mwisho, dtoverlay=dwc2. Kisha programu iitwayo g_mass_storage ndiyo inayoionyesha kompyuta ile "flashi".

Kufuli lenyewe ni programu ya cryptsetup. Unatengeneza faili kubwa, tuseme GB 4 kwenye kadi ya kumbukumbu, na cryptsetup inalisimba kwa neno la siri, yaani kila kilichomo chageuka takataka kwa asiyelijua neno hilo. Kikompyuta hiki hakina msaada wa AES ndani ya chipu yake, kwa hiyo kazi huenda pole pole. Wahandisi wa Google walitangaza njia iitwayo Adiantum mwaka 2019 kwa ajili ya vifaa dhaifu kama hivi, na cryptsetup inaikubali. Kwa hati chache, hata hivyo, hutahisi tofauti.

Sasa jambo linalonifanya nikipende. Flashi ya kawaida yenye kufuli, mfano ya BitLocker, inakutaka uandike neno la siri kwenye kibodi ya saiba, na kibodi hiyo huijui inarekodi nini. Kikompyuta hiki nakifungua kwa simu yangu. Nawasha hotspot ya simu (iwe ya GHz 2.4, nyingine hakiioni), chenyewe kinajiunga, naingia kwa SSH kupitia Termux, naandika neno la siri kwenye kioo changu mwenyewe. Kisha naamrisha:

sudo modprobe g_mass_storage file=/dev/mapper/amana ro=1 removable=1

"Amana" ni jina nililoipa sanduku langu, lako lipe utakalo. Hiyo ro=1 ndiyo dawa ya virusi: kompyuta ya saiba yaweza kusoma, haiwezi kuandika hata herufi moja. Nyumbani, nikitaka kuongeza hati, naweka ro=0. Tahadhari moja: usilifungue sanduku hilo ndani ya kikompyuta chenyewe wakati kompyuta nyingine inaandika humo, mafaili yataharibika. Nikimaliza nazima kwa sudo poweroff, nachomoa, na kufuli limejirudi.

Lakini tusidanganyane. Sanduku likiwa wazi, kijana wa saiba aweza kunakili kila anachokiona. Kwa hiyo weka masanduku mawili, la kuchapisha na la siri zako, na ufungue lile la haja tu. Tena kikipotea kisha "kikaokotwa" na kurudishwa, usikiamini: mjuzi aweza kubadilisha programu za kuwashia zisizosimbwa ili zinase neno lako ukiliandika. Futa kadi, uanze upya.

Na neno la siri ukilisahau, hakuna ofisi ya kwenda kuomba. Fikiria mwenye sanduku amefariki, warithi wamekishika mkononi na hawana wanachoweza kusoma. Langu nimeliandika kwenye karatasi, liko kwenye bahasha moja na wasia, na mke wangu anajua ilipo. Hati za karatasi nazo zisitupwe, maana nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Mwisho ni hewa yetu. Chumvi ya bahari hula matundu ya shaba, na kadi ndogo hufa bila kubisha hodi. Kiweke ndani ya kasha lenye mfuniko, na sanduku lile lile lililosimbwa linakili kwenye kadi ya pili ikae kwa mtu mnayeaminiana. Yangu iko kwa dadangu Kilifi.