Fedha na kauri za kale: Thamani iliyo chini ya chombo

KATIKA vibanda vya wanunuzi wa vyuma vikuukuu mtaani Dandora, mashariki mwa jiji la Nairobi, mizani ndiyo hakimu. Birika, sinia, kijiko na kinara cha mshumaa hupimwa kwa kilo pamoja na shaba, alumini na vipande vya mabati. Iwapo birika hilo lilifuliwa na sonara miaka mia moja na hamsini iliyopita, mizani haina ulimi wa kusema.

Jaa la Dandora lilianza kupokea taka za jiji mwaka 1975, mahali palipokuwa na machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini zaidi ya miaka ishirini baadaye malori yalikuwa yangali yakimwaga shehena zake pale, zikiwemo za mitaa ya kifahari na mahoteli. Nyumba ya mzee tajiri inapofagiliwa baada ya mazishi, au familia inapohamia ng'ambo, vitu ambavyo warithi hawavitambui huishia katika gunia moja na mabaki ya jikoni. Humo ndimo kinapoweza kuibuka kijiko cha fedha, na anayekiokota ndiye mtu wa mwisho awezaye kukiokoa na tanuri.

Jambo la kwanza ni kwamba fedha ya kale haing'ai. Madini hayo huungana na salfa iliyo hewani yakawa meusi, na jaani, ambako uozo hutoa gesi yenye salfa, weusi huo huja upesi. Mwokotaji anayetafuta kimetacho ataokota bati na kukiacha cheusi. Sumaku nayo husaidia nusu tu: fedha hainaswi na sumaku, lakini hata shaba na alumini hazinaswi.

Ushahidi wenyewe uko chini ya chombo au nyuma ya mpini. Fedha ya Uingereza hugongwa mihuri midogo. Simba anayetembea humaanisha kwamba sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi. Kichwa cha chui ni muhuri wa London, na nanga ni wa Birmingham. Hufuata herufi moja inayotaja mwaka, ambayo umbo lake hubadilika kila mzunguko wa alfabeti unapokwisha, kisha herufi za jina la sonara. Vyombo vya mataifa mengine ya Ulaya aghalabu huwa na tarakimu tu, kama vile 800.

Herufi EPNS zimewavunja moyo wengi. Chombo chenye herufi hizo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa ngozi nyembamba ya fedha, na hakiwezi kuuzwa kwa bei ya fedha. Hata hivyo, hakistahili kusuguliwa kwa waya wa kuoshea sufuria, maana ngozi yenyewe ikishatoka hakibaki na chochote cha kutazamwa. Onyo hilo lahusu fedha halisi pia. Mihuri iliyofutika kwa kusuguliwa hairudi.

Kazi ya masonara wa pwani ni ngumu zaidi kuitambua. Mrashi wa marashi, chetezo cha udi, kijaluba cha tambuu na mitali ya miguuni mara nyingi havina muhuri wowote, na mjuzi hutegemea ufundi wa mkono. Baadhi ya fedha iliyotumiwa na masonara wa Uarabuni na pwani ilitokana na kuyeyushwa kwa riale za Maria Theresa. Riale hizo zenyewe hudanganya: zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa vizazi kadhaa.

Tukija kwenye kauri, Dandora haina hata mizani ya kuipimia. Bakuli lililovunjika halina mnunuzi, nalo hutupwa mara ya pili. Ilhali huko Gede, karibu na Malindi, vigae vya kauri ya Uchina ni miongoni mwa vitu vilivyomwezesha James Kirkman, aliyeanza uchimbaji mwaka 1948, kukadiria umri wa mji ule. Waswahili wa kale walipachika mabakuli ya aina hiyo katika nguzo za makaburi, na majumba ya Lamu yalijengwa na zidaka ukutani ambamo sahani za thamani zilipangwa mgeni azione.

Kauri halisi huwa nyeupe hadi ndani inapovunjika, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga wa dirisha. Chombo cha udongo wa kawaida huonyesha kiini chekundu au cha vinyweleo. Herufi za Kichina zinazotaja mfalme si hoja ya kutosha, kwa sababu wafinyanzi wa enzi za baadaye walizinakili kwa kuwaenzi waliowatangulia, na wengine kwa kudanganya. Maandishi ya Kizungu husaidia zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani ilidai kuanzia mwaka 1891 kwamba bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka, hivyo sahani yenye neno "England" kwa kawaida ni ya baada ya hapo, na yenye "Made in England" ni ya karne ya 20.

Tarehe hizo zina uzito wa kisheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini Kenya au kuletwa kabla ya mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kufanya biashara ya vitu hivyo kwahitaji leseni, na kuvipeleka nje kwahitaji kibali. Kwa hiyo birika la London la mwaka 1880 lililoletwa na mlowezi mwaka 1920 halimo, lakini bakuli lililokaa Lamu tangu enzi za mababu limo. Muhuri pekee hautoshi. Sharti ijulikane chombo kilipitia wapi, na hiyo ndiyo habari ambayo jaa huifuta kabla ya nyingine zote.

Biashara ya vyuma nayo ina sheria yake ya mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa, na riziki za waokotaji zikakwama pamoja na za wezi.

Kuna hatari nyingine isiyohusu bei. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa, na nusu yao wakakutwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu. Rangi na vipako vya baadhi ya vyombo vya zamani huwa na risasi hiyo hiyo. Sahani iliyookotwa, hata iwe nzuri vipi, yafaa kuwekwa ukutani, si kupakuliwa ugali.

Mwenye kudhani amepata kitu na akioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, aandike alikipata wapi na lini, kisha akionyeshe kwa wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa kabla ya kukifikisha kwa mnunuzi. Kama ni kauri iliyopasuka na kuunganishwa kwa pini ndogo za chuma, pini zisitolewe. Hivyo ndivyo mafundi wa zamani walivyoviponya vyombo ambavyo wenyewe hawakuwa tayari kuvitupa.