Safu ya milima iliyofichua wauaji wa Zelevet

Mwezi Julai mwaka 2018, mkanda wa video wa kutisha ulisambaa katika mitandao ya kijamii. Ulionyesha askari wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili, mmoja angali mgongoni, katika njia ya vumbi. Waliwatuhumu kuwa ni Boko Haram, wakawaziba macho, kisha wakawamiminia risasi.

Waziri wa Mawasiliano wa Kameruni, Issa Tchiroma Bakary, alisema ni uzushi mtupu.

Kukanusha huko hakukuwanyamazisha wachambuzi wa kujitolea waliokuwa wakishirikiana kupitia Twitter. Pamoja na BBC Africa Eye, Amnesty International na Bellingcat, hawakuanza kwa kuuliza "ni nani?" Waliuliza "ni wapi?"

Tofauti hiyo si ndogo. Baada ya mashambulizi ya mabomu katika mbio za Boston, Marekani, Aprili 2013, watumiaji wa Reddit walikimbilia nyuso. Wakamtaja kijana asiye na hatia, na jamaa zake waliokuwa wakimtafuta kwa majonzi wakaandamwa na matusi. Reddit ililazimika kuomba radhi.

Katika mkanda wa Kameruni, nyuma ya askari ilionekana safu ya milima. Wachambuzi walitumia saa nyingi kuilinganisha na picha za setilaiti bila mafanikio, hadi mtu mmoja wa Kameruni alipowadokeza waangalie karibu na mji wa Zelevet, mpakani mwa Nigeria. Milima ikalingana, na miti na nyumba pia.

Lini, basi? Nyumba moja iliyoonekana mkandani ilikuwa imekwisha kubomolewa ifikapo Februari 2016. Vivuli vya askari, vikisomwa kama saa ya jua, vilionyesha tukio lilitokea kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Hata bunduki ilitoa ushahidi: aina ya Zastava M21, adimu Afrika kusini mwa Sahara, ilitumiwa na baadhi ya vikosi vya Kameruni.

Hapo ndipo ilipofika zamu ya majina, nayo yalitafutwa kwa kulinganisha mkanda na picha za Facebook za askari waliowahi kuwa Zelevet.

Agosti 2018 serikali iligeuza kauli na kutangaza kuwa askari 7 wamekamatwa. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu 4 kifungo cha miaka 10, mmoja miaka 2, na kuwaachia huru 2.