Wati Kabla ya Kasi: Prosesa za Laptopu Zikitazamwa kutoka Kiwengwa

Umeme unaowasha taa za Kiwengwa hutoka bara. Hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha husambazwa Unguja nzima mpaka kufika pwani hii ya mashariki, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini. Waya wa kwanza wa baharini ulianza kazi mwaka 1980, na uwezo wake ulikuwa megawati 45 tu. Wa megawati 100 ulikuja 2013. Kabla haujafika, kisiwa kilikaa gizani mara mbili kwa muda mrefu: karibu mwezi mzima mwaka 2008, kati ya Mei na Juni, halafu takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mahali penye kumbukumbu kama hizo, historia ya prosesa za laptopu ni historia ya wati kabla ya kuwa historia ya kasi. Wauzaji wengi huisimulia kinyume chake, na mnunuzi ndiye anayeumia.

Nchi yetu iliingia katika habari hii mapema, kisha ikajitoa. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huo huo, huko Marekani, Gordon Moore aliandika makala akitabiri kwamba idadi ya transista katika chipu moja itakuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha ikawa kila miaka miwili. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza jambo ambalo kwa msomaji wa pwani lina uzito zaidi: ukipunguza ukubwa wa transista na volti yake kwa pamoja, utajaza transista nyingi zaidi, zenye kasi zaidi, katika eneo lile lile bila kuongeza joto lake. Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na 1990. Kwa hiyo miaka mizuri kabisa ya kanuni ya Dennard, ambapo kila chipu mpya ilikuwa ya kasi zaidi bila gharama ya joto, ilitupita kwa sehemu kubwa.

Laptopu nazo zilikuwa zikikua huko nje. Intel ilitoa 386SL mwaka 1990, prosesa yake ya kwanza iliyobuniwa mahususi kwa mashine za kubebeka, ikiwa na transista 855,000. Miaka kumi baadaye Pentium III za laptopu zilipewa uwezo wa kujipunguzia mwendo pale zinapotumia betri. Hapa Kiwengwa, hiyo ndiyo miaka hoteli za Waitaliano zilipokuwa zikijengwa ufukweni, na kazi za ofisi zikaanza kufuata watalii.

Kisha yakaja matatizo. Pentium 4 ilijengwa kwa ajili ya namba kubwa za gigahezi, na ilipotiwa ndani ya laptopu baadhi ya matoleo yake yalitoa joto la wati 70 hivi. Volti nayo ilikuwa imegoma kushuka zaidi, kwa sababu transista ndogo mno huvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa. Mwaka 2004 Intel iliachana na mrithi wa Pentium 4 aliyekuwa akitayarishwa. Jibu lilikuwa limeshapatikana Haifa, kwa wahandisi wake wa Israel: Pentium M, iliyotoka Machi 2003. Ile ya gigahezi 1.6 ilikadiriwa wati 24.5, na ilishindana vizuri na Pentium 4 za gigahezi 2.4. Kwangu mimi 2003 ndio mwaka unaotenganisha laptopu za zamani na za sasa. Core Duo ya 2006 na Core 2 Duo iliyoifuata zilitoka katika ukoo huo.

Joto lina maana yake ya pekee huku. Feni ya laptopu haizalishi baridi. Huvuta hewa iliyopo na kuisukuma kwenye mapezi ya chuma. Wakati wa kaskazi, hewa hiyo ina nyuzi 32 na zaidi, na pale ufukweni ina chumvi. Mapezi huota kutu, vumbi la mchanga mweupe hushikamana na unyevu, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Prosesa ya wati 35 iliyopimwa katika chumba chenye kiyoyozi Ulaya si ile ile ikiwa kwenye baraza la makuti.

Chukua sasa siku za giza la 2009. Laptopu ya Core 2 Duo yenye betri ya wati-saa 50, ikitumia wati 20 kwa kazi nyepesi pamoja na kioo chake, hudumu saa mbili na nusu. Hoteli zilikuwa na jenereta. Mwalimu wa kijijini alisubiri. Mashine ya leo inayokula wati 5 kwa kazi ile ile, kwa betri ya ukubwa ule ule, hudumu saa kumi, na paneli ndogo ya sola inatosha kuijaza.

Hizo wati 5 zilichukua muda kupatikana. Prosesa za laptopu nyembamba, zenye herufi U mwishoni mwa jina, zilishuka hadi wati 15 zilipofika kizazi cha nne cha Core za Intel mwaka 2013, lakini zilibaki na viini (cores) viwili. Kizazi cha nane, Agosti 2017, kikaleta viini vinne ndani ya wati zile zile 15. Hapo ndipo karatasi za bei huwapoteza wengi. Core i5-7200U imeandikwa gigahezi 2.5, Core i5-8250U imeandikwa 1.6, na asiyejua huiona dhaifu. Ukweli ni kwamba hiyo ya pili ina viini mara mbili na hupanda hadi 3.4 kazi inapodai. Vilevile laptopu ya mtumba yenye kibandiko cha i7 huuzwa kwa fahari, ilhali i7-3520M ya mwaka 2012 ina viini viwili na hukadiriwa wati 35, kwa hiyo i5 ya kizazi cha nane huiacha mbali. Anayenunua Darajani au Kariakoo asome tarakimu zinazofuata kistari, kisha herufi ya mwisho. Kibandiko hakimwambii kitu.

Kuna tofauti nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Video nyingi za YouTube hubanwa kwa mtindo wa VP9. Kuanzia kizazi cha saba, prosesa za Intel zina sehemu maalumu ya kuifungua video hiyo kwa umeme kidogo. Mashine ya zamani huifungua kwa nguvu za viini vyake, ndiyo maana feni huanza kuvuma mara tu video inapoanza.

Novemba 2020 Apple ilitoa M1: transista bilioni 16, nanomita 5, viini vinane, muundo wa Arm unaotumika pia katika simu. MacBook Air iliyoibeba haina feni kabisa, na Apple ilitaja saa 15 za kupitia tovuti kwa betri ya wati-saa 49.9. Kwa ufukwe kama wa Kiwengwa, kukosa feni ni faida kubwa: hakuna hewa ya chumvi inayovutwa ndani. Hasara yake ni kwamba kumbukumbu imefungwa pamoja na prosesa, na fundi hawezi kuiongeza. Jambo hilo ni zito. Laptopu nyingi za kabla ya 2014 zilikuwa na prosesa inayochomoka, kumbukumbu inayobadilishwa na betri ya kuvuta kwa kidole. Mafundi wetu wamejifunzia kwenye mashine hizo, na nyingi bado zinaishi kwa sababu yao.

Tangu 14 Oktoba 2025 mpaka mpya umechorwa. Siku hiyo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inadai takriban kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba visiwani zimebaki nje ya mpaka huo, na nasikitika kwamba zitatupwa zikiwa bado zinafanya kazi. Ya kizazi cha nne, ikisafishwa feni, ikapakwa grisi mpya ya joto, ikawekewa SSD na Linux, itaandika barua na kutunza hesabu za duka bila taabu. Saa za betri haitazipata. Mwenye kazi ya video, au anayeishi mahali umeme hukatika kila wiki, atafute ya 2017 au baada yake, na kabla ya kulipa aichomoe chaja dukani, awashe video, na atazame asilimia inavyoshuka kwa dakika 20.